Siku 84 Nijmegen: Kufuata Mguu Unaoganda

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi Moshi, na wenzangu kadhaa wa fiziotherapia wameniomba niwasimulie safari ilivyokwenda. Nimekaa na madaftari mawili na picha za kwenye simu, nikazipanga siku kwa siku. Nilialikwa kuwa mtafiti mgeni kwa karibu miezi mitatu katika maabara ya ubongo na mwendo mjini Nijmegen, mashariki mwa Uholanzi, jirani na mpaka wa Ujerumani.

Swali nililokwenda nalo nilipewa na mzee mmoja wa Machame, ambaye ameniruhusu nimseme bila kumtaja jina. Ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo. Akifika mlangoni miguu inaganda, anabaki pale hata dakika mbili, magoti yakitetemeka, nyayo zimeng'ang'ania chini. Lakini mkwewe aliniambia kwamba mzee huyohuyo akienda kuangalia migomba yake anavuka mifereji bila kushikwa mkono. Niliandika maneno hayo, nikayapigia mstari mara mbili, na kwa mwaka mzima sikujua niyafanyie nini.

Kabla ya kuondoka

Kwa kuwa nilikaa chini ya siku 90, niliomba visa ya Schengen. Ada ni euro 90, na euro moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 3,000. Unatakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000, barua ya mwaliko, barua ya mwajiri na taarifa za benki. Miadi ndiyo inayochelewesha: mimi niliipata wiki tano mbele, nikapanda basi kwenda Dar es Salaam mara mbili, na pasipoti ikarudi siku tatu kabla ya ndege. Waombe wenyeji wako waandike kwenye barua nani analipia malazi, na waandike wazi. Yangu ya kwanza haikusema, ikabidi waandike upya.

Siku ya 1 na ya 2 (4 na 5 Mei 2025)

Teksi ya usiku kutoka Moshi hadi KIA shilingi 60,000. Ndege ilishuka kwanza Dar kuchukua abiria, ndipo ikaanza safari ndefu. Asubuhi nikawa Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, na kituo cha treni kiko hapohapo chini ya uwanja. Treni ya moja kwa moja hadi Nijmegen inachukua kama saa moja na nusu, nauli imezidi euro 20 kidogo. Unaweza kugusisha kadi ya benki kwenye mashine badala ya kukata tiketi, ila ukishuka uguse tena. Na ukibadilisha kwenda treni ya kampuni nyingine, gusa kutoka kule kwanza, kisha gusa kuingia huku. Nilisahau siku ya tatu, nikakatwa nauli kubwa kwa safari ya dakika chache.

Sikuwa nimeangalia kalenda yao. Tarehe 5 Mei ni Siku ya Ukombozi, na mwaka huo ilitimia miaka 80 tangu Vita Kuu ya Pili iishe. Bendera kila nyumba, ofisi ya funguo za chumba imefungwa. Nilikaa juu ya sanduku mbele ya mlango, baridi ya nyuzi 11 ikipenya kitenge na sweta. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akitembeza mbwa alipita, akarudi, akauliza kwa Kiingereza ninamsubiri nani. Alipiga simu mara nne kwa namba iliyobandikwa mlangoni. Alipoona hakuna anayepokea akanichukua kwake, akanipa supu ya njegere nzito ya kusimamisha kijiko, akanilaza kwenye chumba cha mwanawe aliyehama. Jioni nilimpa kahawa ya Kilimanjaro, pakiti ya robo kilo niliyokuwa nimembebea profesa. Profesa alipata yake baadaye, kwa posta.

Siku ya 4

Maabara. Taasisi inaitwa Donders, kwa jina la Franciscus Donders, daktari wa Kiholanzi ambaye mwaka 1868 alionyesha kwamba muda wa kufikiri unaweza kupimwa. Alimpa mtu kazi ya kuitikia ishara moja, halafu kazi ya kuchagua kati ya ishara kadhaa, akatoa muda wa kwanza kwenye muda wa pili. Kilichobaki ndicho muda ubongo ulioutumia kuamua. Naipenda hesabu hiyo kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuirudia kwa saa ya kusimamisha.

Hapa kila mtu anaitwa jina lake la kwanza, hata mkuu wa maabara mwenye mvi. Wiki nzima mdomo wangu ulikataa. Nilikuwa nasema "Profesa" na kuinama kidogo, na yeye anacheka, ananivutia kiti.

Saa sita mchana wanakula mkate baridi na jibini, basi. Kilichoniokoa ni karnemelk, maziwa ya mgando membamba yenye uchachu ambayo mtu wa nyumbani angeyapokea bila swali.

Siku ya 6

Nilinunua baiskeli ya mtumba kwa mwanafunzi anayehama, euro 85 na kufuli mbili. Haina breki ya mkononi: unakanyaga pedali kinyumenyume ndipo inasimama. Mtu aliyelelewa na Phoenix anahitaji siku mbili za kuzoea, na azizoee mbali na barabara kuu.

Jioni hiyo mwenzangu wa ofisini alinieleza kisa cha mjini humohumo ambacho madaktari wake walikichapisha katika New England Journal of Medicine mwaka 2010. Mgonjwa wa miaka 58, mwenye Parkinson kwa miaka kumi, alikuwa hawezi kupiga hatua chache bila kuganda na kuanguka. Lakini akipandishwa kwenye baiskeli alikuwa anaendesha vizuri kabisa, anakata kona, anageuza. Akishuka tu, anaganda tena. Nilitoa simu nikamwonyesha picha ya mfereji wa Machame. Tuliongea hadi saa tatu usiku, na nje jua ndiyo kwanza linazama.

Siku ya 11

Niliomba nipimwe mimi mwenyewe kabla ya kumpima mgonjwa yeyote. Kofia ya EEG ina vikombe vidogo 64 vinavyotakiwa kugusa ngozi ya kichwa kupitia jeli, ili kunasa umeme mdogo sana wa ubongo. Nilikuwa nimesuka rasta ndogondogo kabla ya safari. Fundi wa maabara alijaribu dakika 50 kwa utulivu mkubwa, anasogeza msuko mmoja, anachomeka jeli, anasogeza mwingine. Kwenye skrini karibu vikombe vyote vilibaki vyekundu, maana yake havigusi. Aliomba radhi, na nilimwona imemuuma kweli.

Jambo hili si dogo. Mtu mwenye nywele kama zangu akitolewa kwenye utafiti kwa sababu kofia haimkai, matokeo yanayosemwa kuwa ya binadamu wote yanakuwa ya wenye nywele laini. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha kazi juu ya elektrodi, yaani vinasa umeme kama vile vikombe, zinazojishika kwenye twende kilioni, kwa kusuka nywele zifuate mistari ya vipimo. Tulisoma makala hiyo pamoja, mimi na fundi.

Jumamosi nilifumua rasta zote, nikaenda kwa msusi niliyeelekezwa na mwuza duka la vyakula vya Surinam. Dada wa Bukavu, Kongo. Aliposikia Kiswahili changu aliacha kichana hewani. "Unatokaka wapi, dada?" Nikamwambia Moshi. Nikamchorea kwenye karatasi njia zipite wapi: moja katikati, nyingine kila upande, zote kutoka mbele kwenda kisogoni. "Banafanya nini ku kichwa?" aliuliza, nikamweleza. Alisuka twende kilioni iliyonyooka, akipima nafasi kwa upana wa kidole chake. Bei yake euro 40, akachukua 20, akanifungia sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, kwa karatasi ya alumini.

Jumatatu vikombe 58 kati ya 64 viliwaka kijani. Niliona mawimbi yangu mwenyewe ya beta, yale ya mara 13 hadi 30 kwa sekunde juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Kabla sijasogeza kidole yanashuka, nikitulia yanapanda juu zaidi ya yalivyokuwa. Nimefundisha jambo hilo darasani kwa miaka sita bila kuwahi kuliona. Fundi aliomba ule mchoro wa njia, ameubandika ukutani juu ya sinki la kuoshea kofia.

Siku ya 17

Nilitakiwa kueleza hali ya kwetu. Niliwaonyesha utafiti wa Wilaya ya Hai uliochapishwa 2008, wa kupita nyumba kwa nyumba: kati ya wakazi 161,071 walipatikana watu 33 wenye Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Ukumbi ulikuwa kimya. Mji huu ndio ulikoanzia, mwaka 2004, mtandao wa ParkinsonNet, wenye zaidi ya wataalamu 3,000 waliopata mafunzo maalumu ya ugonjwa huu. Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini nina wagonjwa wanaoipata mwezi huu na kuikosa mwezi ujao.

Mmoja aliuliza kuhusu upupu. Ndiyo, mbegu za upupu zina levodopa, na kuna watafiti wanaozichunguza kama njia ya bei nafuu. Nawaomba wasomaji wa nyumbani wasiende kuzichuma na kusaga: kiasi kinatofautiana, na kinaweza kumdhuru mgonjwa.

Siku ya 18 hadi 37

Mafunzo ya usalama, kozi ya maadili, kompyuta, mvua. Jumatatu na Jumamosi kuna soko katikati ya mji. Unga wa mahindi na mihogo nilivipata kwenye toko, maduka ya vyakula vya Asia na Surinam, na ugali ukapatikana.

Siku ya 38 (10 Juni)

Siku niliyoisubiri. Mshiriki wetu alikuwa mkulima mstaafu wa miaka 71, alikuja na mkewe. Vipimo hivi hufanywa kabla ya dawa: mgonjwa analala bila kumeza dozi, asubuhi anakuja ubongo wake ukiwa na dopamini, kemikali inayosaidia mwendo, kidogo iwezekanavyo. Kutoka kwenye gari hadi maabara ni mita 60. Alitumia dakika 14. Mkewe alikuwa nyuma yake, hamsukumi, anahesabu kwa sauti ya chini.

Tulimfunga vihisio, vifaa vidogo vya kupima mwendo, miguuni na kiunoni. Kwanza alitembea kwenye korido tupu hadi kwenye fremu ya mlango tuliyoisimika. Hatua zilianza za kawaida, zikafupika, zikawa za kusugua sakafu, na kwenye fremu akaganda. Visigino vimeinuka, vidole vimeshika chini, kiwiliwili kinataka kwenda na miguu imekataa. Nilikuwa nimekaa sakafuni kwa ajili ya kamera, uso wangu kimo cha magoti yake. Niliona misuli ya paja ikitetemeka haraka kama mkono wa mtu anayepepeta.

Kisha tulibandika tepu nyeupe, mistari kumi na miwili ya kukatiza njia, sentimita 45 kutoka mmoja hadi mwingine, ikipita katikati ya fremu. Akatazama chini. Akainua mguu wa kulia, akauvusha mstari wa kwanza. Wa kushoto ukafuata. Alipita mlangoni kama mtu anayekwenda zake. Mkewe aliacha kuhesabu.

Niliandika neno moja daftarini: mfereji.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba seli zinazotoa dopamini zikifa, mtu anapoteza ule mwendo unaojiendesha wenyewe. Mstari wa kuvuka unaupa ubongo njia nyingine, ya macho na ya kukusudia, kila hatua ikawa tendo lake. Hapa Nijmegen walipeleka jambo hilo hadi kwenye viatu: kiatu kinatupa mstari wa leza mbele ya mguu wa pili. Walipovijaribu kwa watu 19, vipindi vya kuganda vilipungua karibu nusu walipopimwa kabla ya kumeza dawa.

Jioni nilifungua faili. Kihisio cha mguu wa kushoto hakikurekodi chochote. Kukichaji usiku wa jana ilikuwa zamu yangu, na sikuangalia kama taa yake imebadilika rangi. Mtu alikaa saa 15 bila dawa, akateseka mita 60, na nusu ya kipimo haipo. Nililia chooni. Asubuhi nilimwomba profesa niwapigie simu mwenyewe. Mkewe alipokea, nikaeleza bila kuzunguka. Akanyamaza, akamuuliza mumewe kwa Kiholanzi, akarudi: "Anasema Jumanne ijayo."

Atakayefanya kazi hii nyumbani: orodha ya ukaguzi iwe ya karatasi, iwe na watu wawili, na asiitwe mgonjwa hadi wote wameweka sahihi.

Siku ya 45 (17 Juni)

Alikuja, na kifurushi cha asparaga nyeupe za shamba la mwanawe. Msimu wake unaisha tarehe 24 Juni, alisema, kwa hiyo nizile sasa, na siagi na yai. Vihisio vyote vilifanya kazi, nilivikagua mara tatu. Tulipomaliza na dawa imeanza kumkaa, nilimwonyesha picha ya mfereji wa Machame, maji yakipita kati ya migomba. Aliishika simu muda mrefu. Akasema kwake yeye ni reli za banda la maziwa: akizikanyaga kwa kuvuka anapita, na hajawahi kumwambia daktari kwa sababu hajawahi kuulizwa.

Tangu siku hiyo nimeongeza swali kwenye fomu yangu: ni wapi unapotembea vizuri? Miaka yote nilikuwa nauliza wapi wanaanguka.

Siku ya 51

Yule mama aliyenilaza siku niliyofika alinipeleka kwenye daraja jipya la mto Waal. Mnamo 20 Septemba 1944 askari wa Marekani walivuka mto huu kwa mashua ndogo mchana kweupe, na 48 waliuawa. Kila jua linapozama taa za daraja huwaka jozi moja moja, jozi 48, kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, na askari mmoja mstaafu hutembea nazo hadi mwisho. Tulitembea nyuma yake, watu kama ishirini. Hakuna aliyeongea, na hatua zetu zilifuata taa bila mtu kupanga. Ni bure, jioni yoyote, vaeni koti kwa sababu upepo wa mtoni ni mkali.

Siku ya 73 hadi 76

Matembezi ya Siku Nne, yaliyoanza mwaka 1909. Zaidi ya watu 40,000 hutembea kilomita 30, 40 au 50 kila siku kwa siku nne kuzunguka Nijmegen. Vyumba hupanda bei na barabara hufungwa, kwa hiyo anayekuja kikazi asipange kipimo chochote wiki ya tatu ya Julai. Sisi tulifunga maabara. Ijumaa nilisimama St. Annastraat, watu wanawapa watembeaji maua ya gladiola. Kwa saa tatu niliangalia miguu tu: wanaochechemea, wanaovuta kisigino, babu mmoja aliyekuwa akipiga ulimi mdomoni kuhesabu mwendo wake. Msusi wangu wa Bukavu alikuwa ng'ambo ya barabara na wanawe, tukapungiana mikono, akavuka kunipa andazi la moto.

Siku ya 84 na baada yake

Baiskeli nilimwachia mwanafunzi wa Ethiopia kwa euro 50. Sandukuni mlikuwa na roli nane za tepu nyeupe. Afisa wa forodha KIA alizigeuza moja moja akauliza za nini, nikamwambia ni za wagonjwa kutembea juu yake. Akanitazama kidogo, akasema mama yake pia anatetemeka mkono. Nilimpa siku za kliniki yetu.

Jumatano iliyofuata nilipanda Machame. Mzee alikuwa amekaa nje, nikamwamkia, tukanywa chai. Nilipiga magoti mlangoni na tepu yangu, nikabandika mistari sita. Sakafu yake ni ya udongo. Kabla sijasimama, mistari miwili ilikuwa imeshainuka.

Mkwewe alitazama, akaingia jikoni, akatoka na kopo la majivu yaliyokorogwa na maji kidogo. Aliniuliza upana, nikamwonyesha kwa rula, sentimita 45. Akachora kwa kidole hadi ndani ya chumba, mistari kumi. Mzee alisimama kwenye wa kwanza, akaangalia chini, akainua mguu. Alipita. Akageuka, akapita tena, na safari ya tatu akaenda peke yake hadi kwenye kiti cha ndani na kukaa.

Majivu yanafutika kila wakifagia, kwa hiyo mjukuu wa darasa la nne amepewa kazi ya kuyachora upya asubuhi kabla ya shule. Nilimwachia rula.